Neno Halijafika Mpaka Lirudi: Mwongozo wa Kumpokea Mwanafunzi wa Kigeni Kewanja

Kewanja ni kijiji cha eneo la Nyamongo, Wilaya ya Tarime, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Wanafunzi wa vyuo vya nje huja hapa kwa ajili ya mgodi, kwa ajili ya lugha ya Kikurya, na kwa ajili ya mila ambazo wasomi wamekuwa wakiziandika tangu Malcolm Ruel alipokaa na Wakurya miaka ya 1950. Wengine huvuka Mto Mara na kuendelea hadi Serengeti, kwa Wangoreme na Waikoma. Mimi huwapokea, huwatembeza na kuwatafsiria.

Nilianza vibaya. Mwaka wangu wa kwanza nilimwambia mwanafunzi mmoja, "Mzee anakungoja kesho saa mbili." Akaitikia, akaandika. Mzee alivaa koti, akakaa chini ya mti tangu asubuhi hadi jua likamfuata kivulini, kisha akaondoka kwenda kwa ng'ombe wake. Mgeni alifika saa nane mchana, akakuta kiti kitupu, na katika daftari lake akaandika kwamba mzee yule "amekataa kuhojiwa". Niliisoma sentensi hiyo kwa macho yangu. Haikuwa kweli, na ilikuwa njiani kuingia kwenye tasnifu.

Tangu siku hiyo nafuata hatua zifuatazo, kwa mpangilio huu huu. Usiruke hatua. Usianze hatua mpya kabla kipimo cha hatua iliyotangulia, kama inacho, hakijapita.

MANENO MANNE YATAKAYOTUMIKA

Mgeni: mwanafunzi kutoka nchi nyingine aliyekuja Kewanja kujifunza au kukusanya taarifa. Mkenya aliyevuka mpaka pale Sirari ni mgeni kama Mjerumani alivyo mgeni.

Mwenyeji: wewe unayesoma, mkazi unayemwongoza mgeni na kumtafsiria.

Msemaji: mkazi anayehojiwa.

Rejesho: kitendo cha msikilizaji kurudisha alichosikia, kwa maneno yake mwenyewe, mbele ya aliyesema. Neno hili nimelichukua kwenye vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Katibu wa kikundi hafuti deni kwa sababu mkopaji ametikisa kichwa. Hulifuta fedha zinaporudi mezani zikahesabiwa. Neno nalo litendee hivyo hivyo.

VIFAA

Andaa kauntabuku moja. Kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Kadi 20 za karatasi ngumu, kila moja ukubwa wa kiganja. Saa moja ya mishale. Kalenda ya ukutani. Na simu moja ya kurekodia. Tenga siku tatu kamili kabla ya mahojiano ya kwanza. Mgeni akisema hana siku tatu, mwambie ukweli kwamba siku hizo atazilipa baadaye kwa kurudia kazi.

HATUA YA 1. Kagua vibali

Mgeni anayekuja kutafiti anatakiwa awe na kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, pamoja na kibali cha ukaazi. Barua ya utambulisho hushuka ngazi kwa ngazi: mkoa pale Musoma, wilaya, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Soma kila barua. Linganisha jina, tarehe na mada ya utafiti katika barua zote. Herufi moja ikitofautiana, irudishe irekebishwe. Mgeni asaini kitabu cha wageni katika ofisi ya kijiji kabla hajaingia uani kwa mtu yeyote.

Kipimo: mwenyekiti wa kitongoji aweze kutaja, bila kutazama karatasi, mgeni ametoka nchi gani na amekuja kuuliza nini. Akishindwa, barua imefika lakini habari haijafika.

HATUA YA 2. Panga watu kabla ya kupanga maswali

Fungua kauntabuku, chora safu tano: namba, majina matatu, kitongoji, lugha anazosema, rika la kizazi.

Majina matatu ni lazima. Kina Chacha, Marwa, Mwita, Bhoke na Ghati ni wengi mno hapa. Ukiandika "Chacha Marwa" peke yake hujaandika mtu, umeandika umati. Andika jina lake, la baba na la babu, kisha kitongoji.

Safu ya tano ndiyo ambayo wageni huiruka, na ndiyo inayowaangusha. Wakurya wamegawanyika katika vizazi viitwavyo amakora, kimoja huitwa irikora. Kuna mizunguko miwili, kila mmoja una vizazi vinne. Mmoja una Saai, Nyambureti, Gamunyere na Maina. Wa pili una Chuma, Mairabe, Gini na Nyangi. Mtoto huingia katika kizazi kinachofuata cha baba yake, bila kujali ana umri gani. Kwa hiyo kijana wa miaka 25 anaweza kuwa "baba" wa mzee wa miaka 60. Vizazi vinavyofuatana huheshimiana kama baba na mwana: kuna mambo hawayataji mbele ya wenzao, hasa ya uzazi na ya chumbani. Vizazi vinavyopishana kwa kimoja ni kama babu na mjukuu, nao hutaniana kwa uhuru.

Sasa fanya hivi. Chukua maswali ya mgeni. Pigia mstari mwekundu kila swali linalohusu ndoa, tohara, uzazi au ugonjwa wa siri. Angalia irikora lako na la msemaji. Kama mnafuatana, usitafsiri maswali hayo. Mtafute mkalimani wa irikora linalopishana na la msemaji. Mkwe na mkwewe wasikutanishwe kabisa kwenye maswali ya aina hiyo. Nimewahi kumwona mgeni akisifu msemaji kuwa "mpole na mwenye maneno machache", kumbe mtu alikuwa amebanwa na soni kwa sababu mkalimani alikuwa kama mwanawe.

Kipimo: kila jina kwenye orodha liwe na mkalimani wake aliyeandikwa pembeni kwa kalamu ya bluu.

HATUA YA 3. Zoeza rejesho hadi liwe la kawaida

Keti na mgeni, au na wageni wote kama ni kundi. Kundi lenye Mjapani, Mjerumani na Mkongo linahitaji zoezi hili kuliko mgeni mmoja, kwa sababu wao kwa wao hutumia Kiingereza ambacho si lugha ya mama ya yeyote, na kila mmoja hudhani mwenzake amemwelewa.

Sema sentensi moja isiyozidi maneno 12. Nyamaza. Msikilizaji airudishe kwa maneno yake mwenyewe. Akikariri maneno yako yale yale, hesabu ni sifuri. Kasuku naye hukariri. Akiirudisha sawa, sema "limerudi". Akikosea, usimwambie amekosea. Sema, "Nimelisema vibaya, nalirudia," kisha tumia maneno mengine. Lawama ya kutoeleweka ibebwe na aliyesema. Kanuni hii ndiyo inayomruhusu mzee wa miaka 70 kurekebishwa bila kuvunjiwa heshima.

Rudieni sentensi 20, kisha badilishaneni: mgeni aseme, wewe urudishe.

Kipimo: sentensi 18 kati ya 20 zirudi sahihi kwa kila upande. Zikirudi 17, rudieni zote.

HATUA YA 4. Sawazisha saa, tarehe na tarakimu

Shika saa ya mishale. Eleza kuwa siku yetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza: saa 7:00 ya mgeni ni saa 1 asubuhi, saa 8:00 ni saa 2, saa 2:00 ya alasiri ni saa 8 mchana. Tofauti ni saa 6 daima, na mshale mfupi huelekea upande wa pili kabisa wa tarakimu tunayotamka. Zungusha mishale mara 10, mgeni ataje saa kwa Kiswahili.

Usidhani tatizo ni letu sisi tu. Mjerumani husema "nusu nane" akimaanisha saa 7:30 ya kwao. Mwingereza akitamka maneno hayo hayo humaanisha 8:30. Niliwakuta wawili wamekosana kituoni kwa sababu hiyo, kila mmoja akiamini mwenzake ni mzembe. Mmarekani akiandika 4/7 amekusudia tarehe 7 Aprili, wewe utasoma tarehe 4 Julai. Mjerumani akiandika 1.500 amekusudia elfu moja mia tano.

Kwa hiyo andika kila miadi kwa sura moja tu: siku ya wiki, tarehe, mwezi kwa jina, saa kwa Kiswahili pamoja na "asubuhi", "mchana" au "jioni", kisha saa ya kimataifa. Mfano: Jumanne, 7 Julai, saa 2 asubuhi, yaani 08:00. Kwa miadi ya usiku usiandike "usiku wa Jumanne", maana wapo wanaohesabu kuwa siku huanza magharibi. Andika "usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne".

Kipimo: mgeni ampigie simu msemaji jioni ya kuamkia miadi, ataje saa, msemaji airudishe. Hakuna rejesho, hakuna miadi.

HATUA YA 5. Andika utambulisho wa sentensi nne

Nyamongo ina historia yake ya mgodi na fidia, na mgeni anaingia ndani ya historia hiyo akijua au asijue. Mtu mgeni anayepita akiwa na daftari, simu na macho ya kuhesabu nyumba anaweza kudhaniwa mthamini wa fidia au mtu wa mgodi. Tunalo neno "tegesha", yaani kupanda mazao au kuinua jengo haraka ili thamani iongezeke kabla ya uthamini. Mgeni akiuliza "nyumba hii ilijengwa lini?" anadhani ni swali jepesi la mazungumzo. Mwenye nyumba anasikia tuhuma.

Andika kwenye kadi ya kwanza sentensi hizi, ujaze mapengo, na mgeni azikariri kwa Kiswahili:

"Mimi ni mwanafunzi kutoka ______. Sifanyi kazi mgodini wala serikalini. Nimekuja kujifunza kuhusu ______. Sina fedha wala fidia ya kugawa, na ukikataa kuongea nami hakuna ubaya."

Sentensi ya pili na ya nne hazipunguzwi, hata kama mgeni anaona aibu kuzisema. Mpaka utambulisho utakapopita, usimruhusu atoe futi ya kupimia, arushe droni, au asimame mbele ya ua akiwa ameinua simu.

Kipimo: baada ya utambulisho, muulize msemaji mgeni akiwa kando, "Huyu ni nani?" Akijibu "wa mgodini", rudia hatua nzima siku nyingine.

HATUA YA 6. Tengeneza kadi za maneno ya mtego

Mgeni aliyesoma Kiswahili vizuri, pengine pale Makoko mjini Musoma, ambako wamisionari walifungua shule ya lugha, au kule Zanzibar, atafika anajua sarufi. Mtego hauko kwenye sarufi. Andika neno upande mmoja wa kadi na matumizi yake upande wa pili. Anza na haya, kisha jaza kadi zilizobaki kwa mitego mingine unayoijua.

Ndiyo. Hii ndiyo kadi ya hatari kuliko zote. Mgeni akiuliza, "Hujawahi kulipwa?" na msemaji akajibu "Ndiyo", maana yake ni "ndiyo, sijawahi". Mjapani ataelewa, kwa sababu lugha yake hujibu hivyo hivyo. Mjerumani au Mwingereza ataandika kinyume. Dawa yake: piga marufuku maswali yenye "hu-", "si-" na "ha-". Uliza, "Umewahi kulipwa?" Akijibu neno moja, omba rejesho kamili: "Kwa hiyo umewahi, au hujawahi?"

Nakuja. Husemwa na mtu anayeondoka. Mgeni asikae akimtazama. Anaweza kungoja saa nzima.

Kesho. Ikitajwa pamoja na saa, ni siku inayofuata. Ikitajwa peke yake ni siku yoyote ijayo. Dai saa.

Pole. Si kukiri kosa. Mgeni akijikwaa ukamwambia pole, hujasema kuwa wewe ndiye uliyeweka jiwe.

Umepotea. Ni salamu ya kumkumbuka mtu. Mgeni mmoja aliposalimiwa hivyo alitoa ramani.

Mura. Kijana wa kiume aliyetahiriwa. Wageni hulipenda neno hili kwa sababu hulisikia kila mahali, hata kwenye utani wa redioni. Mwonye: asimwite mzee hivyo hata mara moja.

Kaa! Kula! Leta! Kiswahili chetu kimejengwa juu ya Kikurya, na sauti yetu ni nzito. Mgeni aliyezoea "naomba" na "tafadhali" za pwani huhisi amekaripiwa. Mweleze kuwa mama aliyemwambia "Kula!" kwa sauti kubwa amemtendea wema mkubwa kuliko anayemwambia "karibu chakula" huku akifunika chungu.

Mahali na mahari. Kikurya hakitenganishi l na r kama Kiswahili sanifu kinavyofanya. Msemaji anaweza kutamka neno moja kwa yote mawili: kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari. Nyumba moja ikizungumzia mahari na daftari likaandika mahali, sura nzima ya tasnifu imeharibika. Mjapani naye ana shida hiyo hiyo ya herufi hizi, hivyo mwenyeji na mgeni wanaweza kukosea kwa pamoja bila mmoja kumsahihisha mwingine. Dawa yake: kila neno lenye l au r linaloamua maana, mgeni aliweke ndani ya sentensi ndefu na kuirudisha. "Ng'ombe wa kuolea, au sehemu ya kukutania?"

Mgeni akijaribu Kikurya chenyewe, mtie moyo, lakini mtahadharishe kuwa lugha hii ina irabu saba, na kwamba kupanda na kushuka kwa sauti ndani ya kitenzi hutenganisha nyakati. Herufi zinaweza kuwa sawasawa na wakati ukawa mwingine. Asitegemee alichosoma kwenye karatasi, asikilize, arudishe.

Kipimo: changanya kadi, toa 10 bila kuangalia. Mgeni aeleze zote 10.

HATUA YA 7. Fafanua maneno ya nyumba, ndoa na ukoo

Usitafsiri maneno haya kwa neno moja. Yafafanue kwa maelezo, mara moja, ukurasa wa kwanza wa daftari la mgeni. Baada ya hapo atumie neno lenyewe bila kulibadilisha.

Anza na nyumba ntobhu. Mama asiye na mtoto wa kiume, mara nyingi mjane au mzee, hutoa mahari na kuoa msichana au mwanamke kijana. Watoto watakaozaliwa ni wa nyumba ya yule mama, hubeba jina la nyumba hiyo na kurithi ng'ombe wake. Mama huyo atasema "mke wangu" na hatakuwa anazungumzia mapenzi. Wageni wawili kati ya niliowapokea walisikia maneno hayo mawili wakajenga juu yake hadithi waliyokuja nayo kutoka kwao, na walipogundua walikuwa wameshatuma kurasa kwa walimu wao.

Kisha fafanua baba mkubwa, baba mdogo, mama mdogo, ndugu na mtoto. Mgeni akiuliza "una ndugu wangapi?" atapata 14 leo na 30 kesho, na yote mawili ni kweli. Aulize: "Mliozaliwa na mama mmoja na baba mmoja mko wangapi, ukijihesabu wewe?"

Kipimo: mgeni achore mti wa familia yako mwenyewe kutokana na maelezo yako ya dakika 10. Uusahihishe kwa kalamu nyekundu. Makosa yakizidi mawili, achore tena.

HATUA YA 8. Ingia, salimu, pokea

Simama nje ya ua, bisha hodi, subiri sauti. Mgeni aseme "shikamoo" kwa kila aliyemzidi umri, angoje "marahaba", asiharakishe. Apeane mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukishika kiwiko cha mkono wa kulia. Habari za nyumbani, za ng'ombe na za mvua ziulizwe zote kabla ya sababu ya safari kutajwa. Usitazame saa.

Chakula kikiletwa, mgeni anawe na kuonja. Ugali wa muhogo na mtama haumsumbui mtu. Kichuri, mchuzi wenye uchungu utokao kwenye utumbo wa mnyama aliyechinjwa, humsumbua. Mweleze siku moja kabla ni nini. Kama hawezi, mfundishe aseme mwenyewe, kwa sauti ya kusikika: "Asante, mwili wangu haujazoea." Kisingizio cha kuumwa kikigundulika, nyumba hiyo haitaamini tena maneno yako wewe, si yake.

HATUA YA 9. Endesha mahojiano

a) Omba ridhaa kabla ya kuwasha simu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo ungefanya hivyo. Msemaji arudishe mambo matatu: sauti yake itatumika wapi, jina lake litaandikwa au la, na anaweza kusimamisha wakati wowote. Kama amerudisha mawili, simu ibaki imezimwa.

b) Keti upande, si katikati. Mgeni amtazame msemaji, asikutazame wewe.

c) Tafsiri sentensi mbili mbili, kwa nafsi ya kwanza. Msemaji akisema "nilikasirika", sema "nilikasirika". Usiseme "anasema alikasirika", na usiongeze "kidogo" ili kupoza.

d) Hesabu polepole hadi 10 baada ya kila swali kabla ya kulirudia. Mzee aliyenyamaza anatafuta neno. Ukimkatiza kwenye hesabu ya nne, umemnyima jibu lake na kumpa la kwako.

e) Fanya rejesho kila baada ya maswali matano. Mgeni afupishe kwa sentensi mbili, utafsiri, msemaji akubali au arekebishe. Marekebisho yaandikwe kwa nyekundu, na ya mwanzo yasifutwe. Mara nyingi taarifa bora ya siku hupatikana hapo, msemaji anaposema, "Hapana, si hivyo. Ngoja nikueleze."

f) Maliza kabla ya dakika 60.

Kipimo: usiku huo huo, andika ukurasa mmoja wa mahojiano kwa Kiswahili kutoka kwenye maelezo ya mgeni, bila kusikiliza sauti. Kisha sikiliza. Kila tofauti ipewe namba na irudishwe kwa msemaji ndani ya siku tatu.

HATUA YA 10. Simamisha kazi palipotokea kosa

Zima simu. Funga daftari. Taja kilichotokea kwa sentensi moja isiyo na mtu ndani yake: "Neno limeenda vibaya." Muulize kila upande alisikia nini, si alisema nini. Andika majibu yote mawili yakitazamana kwenye ukurasa mmoja. Ndipo utakapoona neno lililowatenganisha, na mara nyingi litakuwa moja la zile kadi.

Kama aliyekwaza ni mgeni na aliyekwazwa ni mzee, usimpeleke mgeni kuomba radhi peke yake. Mtangulize mtu wa irikora linalotaniana na mzee huyo. Radhi ikipokelewa, itoshe. Mgeni asiirudie kila siku, maana kuirudia ni kulifukua kosa.

HATUA YA 11. Pima hali ya mgeni kila Jumapili

Mwaka 1954 Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia aliyewahi kufanya utafiti Ankole nchini Uganda, alitoa mhadhara Rio de Janeiro kuhusu mshtuko anaoupata mtu anapohamia katika utamaduni mwingine. Alitaja dalili ambazo nimeziona hapa hapa Kewanja: kunawa mikono kupita kiasi, hofu ya maji na chakula, kuona kila mtu anataka kumwibia, kutamani nyumbani. Mtu aliye katika hali hiyo husikia vibaya hata neno sahihi.

Uliza maswali manne: umelala vipi, umekula nini, nani amekuchekesha wiki hii, nani amekuudhi. Akikosa jibu la swali la tatu, mpe siku mbili bila mahojiano. Mpeleke gulioni, au kwenye mpira wa vijana, bila daftari. Hapo kazi yako ni kukaa naye tu.

Kijana wa Kewanja anayekwenda kusoma nje azitumie hatua hizi kwa kuzigeuza: yeye ndiye mgeni, atafute mwenyeji. Julius Nyerere, mtoto wa Butiama, mkoa huu huu wa Mara, aliondoka mwaka 1949 kwenda Edinburgh na kurudi na shahada yake mwaka 1952. Baridi ya kule, chakula cha kule na Kiingereza cha Waskoti vyote alivikuta bila kadi.

HATUA YA 12. Dai nakala kabla ya kuaga

Wiki moja kabla ya kuondoka, mgeni aandike kurasa mbili kwa Kiswahili: alichouliza, alichosikia, asichokielewa. Msaidie sarufi, usimsaidie maoni. Zisomwe kwa sauti kwenye mkutano wa kitongoji, naye awepo, kalamu nyekundu mkononi. Watu warekebishe. Arekebishe papo hapo.

Nakala moja ipigwe mhuri na ibaki ofisi ya kijiji. Ya pili ibaki kwako, ndani ya kauntabuku, pamoja na kadi 20. Andika juu ya jalada jina lake, nchi yake, na tarehe ambayo ameahidi kutuma tasnifu iliyokamilika. Mwezi kwa jina. Tarehe hiyo ikifika, piga simu.